Sushi ya Buzuruga bila samaki mbichi wa ziwani

Nilipoaga jikoni Masaki, Dar es Salaam, baada ya miaka mitano ya kukata jodari na kuviringisha wali, mpishi wangu aliniuliza nakwenda kufungua nini Mwanza. Nikamwambia sushi, vile vipande vya Kijapani vya wali na samaki. Akatikisa kichwa kwa furaha: "Basi samaki mnao wa kutosha." Nilirudi nyumbani nikiamini hivyohivyo, kwamba kazi yote iko kwenye samaki. Imani hiyo ilinila miezi minane na sehemu kubwa ya akiba yangu.

Nilianza na chumba kimoja Isamilo, meza nne. Wateja wa mwanzo walikuwa watu waliokwisha kuonja sushi Dar au Nairobi, na wanaofanya kazi migodi ya Geita wakija mjini mwisho wa wiki. Walitaka jodari mbichi. Nami nikawa namwagiza kutoka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ndani ya sanduku la barafu, kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100.

Wiki ya tatu basi likaharibika njiani. Nilipokea sanduku stendi ya Nyegezi usiku wa manane, barafu imekuwa maji. Nikachomeka kipimajoto katikati ya mnofu: nyuzi 14. Kwa macho samaki alikuwa hana kasoro, mwekundu, hana harufu. Ila jodari akishapata joto nyama yake hujenga histamini. Mlaji anavimba uso, anawashwa mwili, kichwa kinamgonga, na sumu hiyo haiondoki hata ukimpika au ukimgandisha upya. Nilizifukia kilo sita nyuma ya nyumba kabla hakujapambazuka, kwa sababu nilijua kukikucha ningetafuta sababu ya kuziuza.

Wengi waliniambia nisihangaike na Dar wakati ziwa liko dakika kumi. Hapa naomba niseme wazi, maana naona vijana wenzangu wanaanza biashara hii mjini na huko pembeni, Buswelu, Nyakato, Kisesa. Sangara au sato wa ziwani asiliwe mbichi. Samaki wa maji baridi ana vimelea, wengine wanaweza kuendelea kuishi ndani ya mtu. Njia inayokubalika ya kuwaua bila moto ni kumgandisha samaki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba mfululizo. Friza langu la dukani, hata siku umeme haukatiki, lilikuwa linaishia nyuzi 16 au 17 chini ya sifuri. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, hesabu ya siku saba inaanza upya. Nilipima kwa wiki mbili nikiandika kwenye daftari, na daftari ndilo lililonikatalia.

Kwa hiyo afisa afya wa kata alipokuja na kuniuliza, "Hivi ndugu yangu, unalisha watu samaki mbichi?" sikuwa na la kumficha. Nilimwonyesha daftari. Akaketi, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe siku ya kwanza: "Bila hao wabichi, kinabaki nini?"

Kinabaki wali. Jina lenyewe sushi linamhusu wali wa siki, samaki ni mwenzake tu. Nilikuwa nalijua hilo tangu Masaki, ila nilikuwa nimelijua kichwani bila kulifanyia kazi.

Aliyenifungua macho zaidi ni shangazi yangu, anayeuza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Nilimpitia asubuhi moja, dagaa wametandazwa wanametameta kama mabati mapya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unauza wali uliochacha na samaki asiyeiva. Nani alikufundisha?"

Nikamweleza habari za Biwa, ziwa kubwa kuliko yote Japani, ingawa kwa Victoria yetu ni kama bwawa: kilomita za mraba 670 hivi, letu karibu 68,800. Watu wa pale tangu zamani wanamtia samaki chumvi, kisha wanampanga ndani ya wali na kumwacha miezi mingi mpaka wali uchache na samaki asiharibike. Wanamwita funazushi, na ni katika aina za sushi za kale zaidi zinazotengenezwa hadi leo. Hii ya kufinyangwa mkononi na kipande cha samaki juu ilikuja baadaye sana, mjini Edo, ambao sasa ni Tokyo, miaka ya 1820 hivi.

Shangazi aligeuza dagaa wake kwa mkono, kimya. Halafu akasema, "Kumbe nao ni watu wa mwaloni. Walikuwa wanatafuta samaki akae." Akanifungia sangara wa moshi aliokuwa nao chini ya meza. "Jaribu na huyu. Huyu ameshakaa."

Nilijaribu usiku uleule. Sangara ana mafuta, na moshi wa kuni unayakamata mafuta hayo vizuri. Nilimtoa miba, nikampitisha tena motoni mpaka akawa wa moto hadi ndani, nikamchambua, nikamviringisha na tango na parachichi. Uchachu wa wali ukaukata ule uzito wa mafuta. Nilikula vipande vinane nimesimama, nikatengeneza vingine nane kuhakikisha.

Baada ya hapo shida ikawa mchele. Supa wetu wa Kahama naupenda kwa pilau, unanukia, punje inasimama peke yake. Na kusimama peke yake ndiko kusikotakiwa hapa. Nilichanganya, nikaongeza maji, nikapika mchele mpya wa msimu ambao hushikana kidogo, bado kipande kikawa kinafumuka mkononi mwa mteja. Mwishoni nilikubali kununua mchele mfupi wa Kijapani kwa gunia kutoka Dar. Mchele hauozi basi likichelewa. Kwa kila kilo ya mchele natia siki ya mchele mililita 160, sukari gramu 80, chumvi gramu 25, wali ukiwa bado unafuka, huku mtu anapepea kwa ungo. Naupima na karatasi ya kupimia uchachu: usome chini ya 4.6, hapo bakteria wengi wabaya hawapati nafasi. Na hauingii kwenye jokofu, unakuwa mgumu kama changarawe. Unaopikwa asubuhi ukifika jioni unamwagwa.

Kitu kingine sikukitegemea: mwani. Zile karatasi nyeusi za kuviringishia wali zinakuja kavu, zinavunjika kwa mlio, ila hewa ya ziwani hapa ina unyevu, na ukifungua pakiti saa tatu, saa tano unatafuna mpira. Dawa nimeipata kwenye jiko la mkaa. Napitisha karatasi juu ya makaa yasiyo na moshi, upande mmoja tu, kwa kuhesabu mpaka tatu, rangi inageuka kutoka nyeusi kuwa kijani iliyokoza, na mlio wake unarudi. Ndipo naviringisha.

Isamilo nilifunga, kodi ilikuwa inanishinda. Nikahamia Buzuruga, karibu na daladala zinapogeukia, na nikabadilisha namna ya kuuza. Mjini nilikuwa nauza sahani ya vipande vinane kwa shilingi 15,000. Buzuruga nauza vipande vinne kwa 3,000, ndani ya kiboksi, mtu anakula akisubiri gari. Wasabi niliiondoa, nyingi inayouzwa ni mzizi mwingine uliotiwa rangi ya kijani, na watu walikuwa wanaiacha. Nimeweka pilipili mbuzi iliyosagwa na ndimu. Kuna ya sangara wa moshi, ya sato wa kukaanga kwa unga mwepesi, ya yai, na ya parachichi na karoti kwa wanaofunga. Hata Marekani sushi ilipoingia, wapishi walitia parachichi na kuficha mwani ndani ya wali, kwa vile watu waliogopa kuuona. Mimi mwani nimeuacha nje. Wateja wangu hawana shida nao, wanauliza kwanza, kisha wanakula.

Jodari mbichi bado anaulizwa, karibu kila Jumamosi. Nawajibu sina, na nawaeleza sababu, hata foleni ikiwa ndefu.

Shangazi ananiletea sangara Jumatatu na Alhamisi, kilo nane kila mara. Wiki iliyopita alikaa kwenye benchi akala boksi zima la ya yai, akafuta vidole kwa kanga, akaniambia wali wa leo umezidi sukari. Nikaonja. Ulikuwa umezidi.