Rejareja ndiyo inayokula safari yenu ya Juni

Familia ya Tanga inaweza kupata hela ya safari ya Juni kwenye vitu inavyonunua kidogo kidogo kila mwezi. Tuanze na umeme. Fungua meseji ya Luku ya mara ya mwisho. Kama ulinunua ya elfu tano na hakukuwa na kodi ya jengo iliyokatwa, angalia uniti ulizopata. Ukiona 41 au karibu na hapo, uko kwenye kundi la matumizi madogo, D1. Ukiona 14, uko T1, kundi la matumizi ya kawaida, na hapo ndipo sehemu nzuri ya safari ya familia yako inapoishia kila mwezi bila mtu kuondoka Tanga.

Bei hizi zilipangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016: shilingi 100 kwa uniti moja ya D1 mpaka uniti 75 kwa mwezi, 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, na 292 kwa T1. Ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA inakuwa 122, 427 na 356. Nyumba inayotumia uniti 70 inalipa 8,540 ikiwa D1, na karibu 24,900 ikiwa T1. Tofauti ni 16,400 kwa umeme uleule na taa zilezile.

Je, uniti 75 zinatosha kwa familia? Zinatosha, kwa kubana. Friji ndogo hula kama uniti moja kwa siku, kwa hiyo 30 zimeshaondoka. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane usiku ni nusu uniti, mwezi mzima 15. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni 9. Taa tano za LED za wati 9 kwa saa hizohizo hazifiki 7. Jumla 61. Zilizobaki 14 zinagombewa na pasi na jagi la umeme. Pasi ya wati 1,000 inakula uniti nzima kwa saa, na kila unapoianza upya kuna umeme wa kuipasha kwanza. Sare za wiki nzima zipigwe Jumapili mara moja, siyo kila asubuhi saa kumi na mbili wakati mtoto anasubiri amevaa fulana ya ndani.

Ukiwa T1 na matumizi yako yamekuwa chini ya 75 kwa miezi kadhaa, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita uombe wakupitie uhamishiwe D1. Ila nyumba za kupanga za Ngamiani na Makorora zina ugonjwa wake: vyumba sita, mita moja. Kila mpangaji anatumia uniti 20 tu, lakini mita inasoma 120, na wote wanalipa bei ya mkubwa. Hapo hakuna kubana matumizi kutakakosaidia. Dawa ni kila chumba kipate mita yake, jambo la kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya kusaini mkataba mwingine. Na msisahau kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo hukatwa unaponunua umeme. Ukipitisha miezi bila kununua, inajilimbikiza na kukatwa kwa mkupuo, halafu watu wanadhani mita imeharibika.

Hiyo ndiyo rejareja ya kwanza, na ni rahisi kwa sababu ina risiti. Za jikoni hazina. Bei nitakazotaja kuanzia hapa ni za mfano, weka za genge lako. Tuseme kilo ya sukari ni 2,800 na robo ni 800. Ukinunua kwa robo, kilo inakufikia kwa 3,200. Kwa kilo sita za mwezi umeacha dukani 2,400. Mafuta ya kula ya kupima, kikombe cha mililita 100 kwa 700, ni 7,000 kwa lita, wakati lita nzima ni 6,000. Lita nne za mwezi, 4,000. Mkaa ndio mkubwa: sado 3,000, gunia 62,000 lenye sado 26. Usihesabu faida ya sado zote 26, maana chini ya gunia kuna chenga za sado mbili hivi. Zilizobaki 24 ungezilipa 72,000, kwa hiyo umeokoa elfu kumi, siyo kumi na sita kama muuzaji anavyokupigia hesabu.

Sasa, kununua kwa jumla kuna hasara zake, na ndiyo sababu wengi hujaribu mwezi mmoja wakaacha. Hewa ya pwani ina unyevu. Dona haihimili, kwa sababu kiini cha hindi kina mafuta na kimesagwa humo humo. Baada ya wiki chache unga unaanza uchungu na harufu. Dona nunua ya wiki mbili. Sembe, ambayo kiini kimeondolewa, inakaa zaidi. Mchele uingie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, na mchele mpya usimwagwe juu ya wa zamani, kwani fukusi huanzia chini. Maharage watu huyaweka gunia zima wakidhani hayaozi. Ni kweli hayaozi, lakini yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu kuiva, na kile ulichookoa kwenye bei unakichoma kwa mkaa. Yachukue ya mwezi mmoja, na kila mara yaloweke usiku. Halafu kuna hasara ya mkono: dumu la lita tano likiwa wazi jikoni, kila mtu anamimina kwa raha. Jaza chupa ndogo ya wiki, dumu lifungiwe chumbani.

Kitoweo kina kalenda yake, na hapa watu wa Tanga tuna faida ambayo mtu wa Dodoma hana. Dagaa na samaki wadogo wa usiku huvuliwa kwa taa, na taa haifanyi kazi mbalamwezi ikiwa imetanda. Kwa hiyo kuanzia kama tarehe 12 mpaka 18 za mwezi mwandamo boti nyingi za taa zinapumzika, na fungu la dagaa linapanda au linapungua ukubwa, ambalo ni lilelile. Giza likirudi, bei inashuka. Nunua kwenye giza, kula kwenye mbalamwezi. Pweza ni kinyume kidogo: wanapatikana kwa wingi bamvua, mwezi ukiwa mpevu na unapoandama, maji yanapotoka mbali na miamba kuwa wazi. Maji mafu, yasiyotoka mbali, usimfuate pweza, utalipia ufundi wa mchuuzi. Na kusi ikivuma, miezi ya katikati ya mwaka, bahari chafu, kila kitu kinapanda pamoja. Hapo ndipo dagaa wako wa kukausha wanapojilipa.

Namna ya kufanya: nyumba nne zishirikiane ndoo moja ya dagaa kwenye mnada wa asubuhi pale Deep Sea, soko la samaki. Tuseme ndoo imefika 60,000, kila nyumba inatoa 15,000 na kupata robo. Waoshe kwa maji ya chumvi, watandaze kwenye wavu ulioinuliwa juu ya ardhi, siyo kwenye turubai chini, kwani maji yanabaki chini yao na upande mmoja unaoza. Wageuze mchana. Robo ile inatoa kama milo minane ambayo kwa fungu la 4,000 ingekugharimu 32,000. Toa chumvi na mafuta ya kukaangia, imebaki kama 15,000 mkononi. Vibua msiwafanyie hivi kama hamna barafu. Kibua aliyekaa juani hutengeneza sumu ya kuwasha ambayo hata umkaange vipi haitoki, na bili ya hospitali ni ghali kuliko kitoweo.

Jumlisha: umeme 16,400, sukari na mafuta 6,400, mkaa 10,000, dagaa 15,000. Ni 47,800 kwa mwezi. Badilisha bando la intaneti la siku, la elfu moja moja, kuwa la mwezi la elfu ishirini, unaongeza 10,000. Sasa ni 57,800.

Hela hiyo ikae wapi? Kikoba ni kizuri lakini vingi huvunjwa Desemba, na Desemba ni mwezi mbaya kuliko yote wa kusafiri: mabasi ya kupanda Korogwe na Same kwenda Kilimanjaro yanajaa, na vyumba pia. Upatu unafaa zaidi kwa safari, mradi uchague zamu ya Mei. Anayepokea zamu ya kwanza amekopa, anayepokea ya mwisho ameweka akiba. Wa Mei yuko katikati na analala salama. Kama si upatu, basi kibubu cha nyumbani kwa wiki nne, kisha kuweka kwa wakala mara moja. Kuweka hakukatwi. Kutoa ndiko kunakokatwa, na makato huenda kwa madaraja, kwa hiyo kutoa elfu kumi mara sita ni ghali kuliko kutoa elfu sitini mara moja.

Twende safarini. Tuseme ni Lushoto, watu watano: baba, mama na watoto watatu, mdogo wao anapakatwa. Nauli tuweke 12,000 kwa kiti, viti vinne, kwenda na kurudi 96,000. Kila mtu huanzia na kuishia hapo. Sasa andika vipande vingine. Bajaji kutoka nyumbani hadi stendi ya Kange na kurudi, 10,000. Chumba kimoja kikubwa chenye godoro la ziada, 40,000 kwa usiku, mara mbili. Chakula cha jioni mara mbili, 50,000. Cha mchana mara mbili, 30,000. Chakula cha njiani kilichopikwa nyumbani, 8,000. Matembezi ya Irente, mahali pa kutazamia mandhari, 20,000. Jumla 294,000, ongeza sehemu ya kumi kwa dharura, ni kama 324,000. Kuanzia wiki ya pili ya Januari hadi katikati ya Juni kuna wiki 22 hivi, kwa hiyo 15,000 kwa wiki, 60,000 kwa mwezi. Pungufu ni 2,200. Mtaipata.

Ona kwamba nauli ni chini ya theluthi. Inayovunja bajeti ni vile vipande. Basi la moja kwa moja la asubuhi linaweza kuwa ghali kwa elfu moja kuliko kwenda Mombo na kuunganisha, lakini ukishuka Mombo saa saba na watoto wenye njaa, umenunua chipsi, soda na maji ya watu watano, halafu nauli ya pili. Basi la asubuhi pia linakupa nusu siku ya Lushoto bila kulipia usiku wa ziada.

Chakula cha njiani: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi, mkate wa kumimina, samaki mkavu wa kukaanga. Wali wa nazi hapana. Uliofungwa wa moto alfajiri na kubanwa kwenye hotipoti utakuwa umechacha kabla hujafika mbali, na ndani ya basi harufu ile haina adabu. Kutoka Mombo kupanda ni kilomita 33 za kona, kupitia Soni. Watoto wasinywe chai ya maziwa asubuhi hiyo, wakae mbele, waangalie nje. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, basi chukua kopo la rangi lililooshwa, lenye mfuniko, la kutapikia. Anayedharau kopo hilo huishia kumlipa konda asafishe.

Ukipiga simu kuulizia chumba, uliza kifungua kinywa ni cha watu wangapi. Vyumba vingi bei yake ina chai ya wawili, na chai ya watoto watatu kwa asubuhi mbili inaweza kufika elfu ishirini ambazo hukuziandika. Uliza pia blanketi. Juni mpaka Agosti kule ni baridi kweli, na sweta la mitumba lililonunuliwa Tanga wakati wa joto, ambapo hakuna anayelitazama, ni nusu ya lile utakalouziwa Lushoto huku mtoto anatetemeka mbele ya muuzaji. Irente iko kama kilomita tano kutoka mjini. Nendeni kwa miguu asubuhi, mrudi kwa usafiri.

Na kama 324,000 haipo mwaka huu, siku moja ya Amboni inafanya kazi. Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji, njia ya Horohoro, upande wa Kiomoni. Daladala ni rahisi, tatizo ni kipande cha mwisho: bodaboda haibebi familia, na watu watano ni bajaji mbili. Ama mtembee, ama familia mbili zikodi gari moja kubwa kutwa na kuunganisha na chemchemi za Galanos. Kwa watu kumi, gari la 80,000 pamoja na mafuta ni 8,000 kila kichwa, mlango kwa mlango. Kwa watu watano ni 16,000, na hapo daladala inashinda. Chukueni kitambulisho cha NIDA, kiingilio cha raia si cha mgeni, na hela iwe kwenye simu kwa ajili ya kontroli namba. Tochi kila wawili moja, viatu visivyoteleza. Kandambili ziacheni nyumbani. Mle ndani kuna giza na mawe yenye unyevu.