Nilivyopata orodha ya folda na faili zinazofunguka kwa kubofya ndani ya Excel

Nyaraka zetu za kazi zilikuwa zimerundikana kwenye diski moja, folda ndani ya folda. Sehemu ya kutafutia ya Windows inafaa sana ukijua jina la unachokitafuta. Sisi majina yenyewe hayakusema kitu. Faili inaitwa skani_0047.pdf, ni mkataba, ni barua, ni risiti? Mpaka uifungue. Nilitaka orodha moja tu: kila faili na mstari wake, ukibofya jina inafunguka, na pembeni pawe na nafasi ya kuandika kwa maneno ya kawaida kilichomo ndani.

Kuna njia za haraka, nami nilianza nazo. Amri ya dir /s /b kwenye Command Prompt ya Windows inatoa njia (anwani kamili) za faili zote na unaweza kuzielekeza kwenye faili ya maandishi, ila hayo ni maandishi matupu, hayabofyeki. Power Query, chombo cha Excel cha kuingiza data, nayo husoma folda nzima pamoja na folda ndogo zake, ikakuletea majina na tarehe. Kwa anayetaka takwimu, inatosha kabisa. Shida yake kwangu ilikuwa ile safu ya maelezo. Ukiandika kitu kwa mkono kando ya jedwali lake, kisha faili mpya zikaongezeka na ukaonyesha upya (Refresh), mistari inasogea na maelezo yanabaki yalipokuwa. Maelezo ya mkataba yanajikuta kando ya risiti. Kwa hiyo nikaamua kuandika makro, yaani programu fupi inayoendeshwa ndani ya Excel kwa lugha ya VBA.

Mifano mingi inayozunguka hutumia Dir ya VBA (si ile amri ya juu), inayotaja faili moja baada ya nyingine, na kwa folda moja inafanya kazi vizuri. Lakini Dir hukumbuka utafutaji mmoja tu kwa wakati: ukiwa katikati ya folda kubwa ukaiita tena kwa ajili ya folda ndogo, inasahau ilipofikia kule juu. Ndiyo maana nilihamia FileSystemObject, ambayo kila folda inakuja na mkusanyiko wake wa faili na wa folda ndogo. Kiini cha makro ni hiki:

Sub Pitia(folda)
    Dim f, ndogo
    For Each f In folda.Files
        ukurasa.Hyperlinks.Add ukurasa.Cells(mstari, 1), folda.Path, , , folda.Path
        ukurasa.Hyperlinks.Add ukurasa.Cells(mstari, 2), f.Path, , , f.Name
        ukurasa.Cells(mstari, 3).Value = f.DateLastModified
        ukurasa.Cells(mstari, 4).Value = f.Size
        mstari = mstari + 1
    Next
    For Each ndogo In folda.SubFolders
        Pitia ndogo
    Next
End Sub

Mstari wa Pitia ndogo ndio unaobeba kazi yote. Makro inajiita yenyewe kwa kila folda ndogo, na ile ikiwa na zake inajiita tena, hata ziwe ngazi ngapi. Zile koma tupu msizifute: zinaruka sehemu mbili za hiari ili jina la faili liangukie mahali pa maandishi ya kuonyeshwa. Vigeu ukurasa na mstari vinatangazwa juu kabisa ya moduli, nje ya Sub, ili kila mzunguko utumie vilevile. Ukimaliza, hifadhi kitabu (faili yako ya Excel) kama .xlsm, maana .xlsx haibebi makro.

Wengi hupenda orodha ichorwe kama mti, kila ngazi imeingia ndani kidogo. Inapendeza machoni, lakini huwezi kuichuja wala kuipanga kwa tarehe bila kuivuruga. Folda kwenye safu ya kwanza, faili kwenye ya pili, basi. Ukibofya ya kwanza folda inafunguka, ukibofya ya pili faili inafunguka.

Ukomo upo. Ukurasa mmoja wa Excel unachukua viungo 65,530, na kwa kuwa kila mstari wangu una viwili, nafasi inakwisha kwenye mstari wa 32,765. Aliye na faili nyingi kuliko hapo aigawe orodha kwenye kurasa kadhaa, au atumie fomula ya HYPERLINK, ambayo haihesabiwi kwenye ukomo huo.

Alama ya # kwenye jina la faili ilinisumbua zaidi ya vyote. Excel huichukulia kuwa mwisho wa anwani, na kinachofuata huhesabiwa kuwa mahali fulani ndani ya faili. Kwa hiyo kiungo cha "Ripoti #3.docx" kinakwenda kutafuta kitu kinachoitwa "Ripoti " na hakikipati. Nilibadilisha majina yote yenye alama hiyo, na sasa makro inaipaka rangi nyekundu kila seli yenye jina la namna hiyo.

Viungo visife diski ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine, ambako herufi yake inaweza kubadilika kutoka E kuwa F. Kwa hilo, kitabu chenyewe nilikiweka kwenye folda ya juu kabisa, pamoja na nyaraka. Kikihifadhiwa hapo, Excel huzitunza anwani kwa kuzipima kutoka pale kilipo, hivyo ukihamisha folda nzima kwa pamoja viungo vinafuata. Ukikihamisha kitabu peke yake, vinakatika.

Sasa yale maelezo. Makro ikiendeshwa tena inafuta orodha na kuijenga upya, na baada ya makro Ctrl+Z hairudishi kitu. Kazi ya mikono ya watu isingeweza kuachwa kwenye hatari hiyo. Kabla ya kufuta chochote, makro inapita orodha ya zamani na kuweka kila maelezo kwenye Scripting.Dictionary, ghala la muda linalohifadhi kila kitu chini ya ufunguo wake, ufunguo ukiwa ni njia ya faili. Njia hiyo naikata sehemu ya mwanzo, naanzia baada ya ThisWorkbook.Path (folda kilipo kitabu), vinginevyo herufi ya diski ikibadilika hakuna ufunguo utakaolingana. CompareMode, namna ghala hilo linavyolinganisha funguo, naiweka vbTextCompare (isiyojali herufi kubwa na ndogo) kabla ya kuingiza kitu cha kwanza, kwa sababu Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina. Orodha mpya ikishajengwa, kila faili inarudishiwa maelezo yake.

Yanayobaki bila faili ni ya zile zilizofutwa, kuhamishwa au kubadilishwa jina. Haya hayatupwi. Yanaandikwa kwenye ukurasa wa pili niliouita Yatima, pamoja na ukubwa na tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kama vilivyokuwa kwenye orodha ya zamani. Faili ikibadilishwa jina tu, ukubwa na tarehe hiyo havibadiliki, kwa hiyo makro inatafuta kwenye orodha mpya faili yenye vyote viwili sawasawa na kuweka kiungo chake kando ya yatima. Hairudishi maelezo yenyewe. Anayeijua nyaraka anafungua, anathibitisha, ndipo anayanakili.