Mafuta ndani ya radiateri: usikimbilie kufungua kulasi

Gari linaingia garajini hapa Bukavu, Kadutu au Ibanda, kifuniko cha radiateri kinafunguliwa, na ndani kuna uji wa rangi ya chai ya maziwa. Hukumu inatoka papo hapo: gasketi ya kulasi imeungua. (Kulasi, kile kichwa kinachofunika silinda juu ya moteri, ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaiita silinda hedi.) Moteri inafunguliwa, kulasi inapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya inafungwa, na baada ya wiki 2 uji umerudi. Mwenye gari amelipa kazi kubwa kuliko zote kwa kosa ambalo pengine lilikuwa ndani ya kipande unachokifungua kwa boliti chache.

Tuanze na presha, maana ndiyo inayosema nani anaingia kwa nani. Moteri ikiwa ya moto na iko kwenye mwendo wa safari, mafuta yake yanasukumwa kwa bar 3 hadi 5. Maji yanazuiliwa na kifuniko cha radiateri tu, ambacho kwenye magari mengi ya Kijapani kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani bar. Kwa hiyo ukuta wowote kati ya mafuta yenye presha na maji ukitoboka, moteri ikiwaka, mafuta ndiyo yanayovamia maji. Ukizima, presha ya mafuta inashuka hadi sifuri, lakini maji ya moto yanabaki yamebanwa kwa muda, na sasa zamu inageuka: maji yanasogea upande wa mafuta.

Gasketi iliyoungua kati ya silinda na njia ya maji haina tabia hiyo. Hapo kinachopenya ni gesi ya mwako. Duriti (mipira ya maji) zinakuwa ngumu, maji yanatupwa nje, moshi mweupe unatoka, lakini uji hakuna. Ili gasketi ipeleke mafuta kwenye maji, ni lazima ikatike pale ambapo njia ya mafuta yenye presha, ile inayopanda kulisha kamshafti, inapakana na tundu la maji. Inatokea, ila eneo hilo ni dogo sana ukilinganisha na gasketi nzima. Ndiyo maana mshukiwa wa kwanza ni kipoza mafuta cha moteri, kipande ambamo maji yanapita jirani na mafuta ili kuyapoza, hasa kwenye dizeli. Wa pili ni kipoza mafuta cha bwati (giaboksi) otomatiki, kilichofichwa ndani ya tanki la radiateri yenyewe. Gasketi na nyufa za kulasi au bloki zinafuata nyuma yao.

Kabla ya kumshuku yeyote, hakikisha ni mafuta kweli. Moteri ikiwa baridi, chota nusu lita ya maji ya radiateri, weka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, uiache kwa saa 3 au 4. Mafuta yanapanda juu, kutu inazama chini. Hapa Bukavu kuna watu wanaojaza radiateri kwa maji ya ziwa, na maji ya Kivu yana chumvi na magadi mengi. Yanaacha ukoko na tope la kahawia ambalo fundi mwenye haraka anaweza kuliita mafuta. Paka kidogo kwenye kidole, dondoshea sabuni ya vyombo: mafuta yanakatika, tope linabaki tope. Kosa jingine ni kuchanganya maji ya radiateri ya kijani na mekundu ya aina tofauti hadi yanaganda kama utomvu. Na muulize mwenye gari, kwa upole, kama hakuna mtu aliyemimina mafuta humo "ili kuzuia kutu" au kwa kukosea chupa. Uliza pia kama gari lilifanyiwa kazi hii miezi iliyopita. Mabaki yasiyosafishwa hurudi juu hata kama tobo limezibwa.

Rangi inasaidia, kwa tahadhari. Kahawia au nyeusi inaelekeza kwenye moteri. Waridi kama maziwa yaliyotiwa sharubati inaelekeza kwenye bwati, kwa sababu mafuta mengi ya otomatiki ni mekundu. Lakini maji ya radiateri ya Toyota nayo ni mekundu au ya waridi tangu kiwandani, kwa hiyo waridi iliyo angavu ni salama. Uji usioonyesha mwanga ndio wa kuogopa.

Sasa vuta vijiti vyote viwili vya kupimia mafuta. Kijiti cha bwati kikitoka na povu la waridi, kesi imekwisha na gari halitembei tena hata mita 100: maji yanaharibu bitana za klachi za bwati otomatiki na gundi inayozishika, na kila kilomita inasambaza uharibifu. Bwati nyingi za siku hizi hazina kijiti, inabidi ulegeze boliti ya kupimia chini. Kwa mafuta ya moteri, usitegemee kile kikoko cheupe chini ya kifuniko. Mji huu una baridi ya asubuhi, na gari la safari fupi za Nguba hadi sokoni hujikusanyia unyevunyevu bila ugonjwa wowote. Kipimo cha kweli ni hiki: gari lilale usiku mzima, asubuhi kabla ya kuwasha legeza taratibu boliti ya karteri, lile bakuli la mafuta chini ya moteri. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwemo yanatoka ya kwanza. Au dondosha tone la mafuta kwenye kijiko kilichopashwa moto. Likipasuka na kulia kama mboga kwenye kikaango, lina maji.

Gesi ya mwako inapimwa kwa kichupa chenye dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa radiateri. Dawa ikigeuka njano, gesi imo. Punguza maji kwanza ili uji usinyonywe ndani ya dawa ukaiharibu. Huna kifaa hicho? Jaza maji hadi ukingoni moteri ikiwa baridi kabisa, washa, tazama. Mapovu yanayotoka mfululizo huku moteri bado haijapata joto, na duriti ya juu kuwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, ni gesi. Hakuna gesi, maji hayapungui, moteri inavuta sawasawa, lakini uji upo? Achana na kulasi, nenda kwenye vipoza.

Kipoza cha bwati kinapimwa bila kutoa radiateri. Fungua mabomba yake mawili chini, ziba tundu moja, jaza radiateri maji, ingiza hewa kwenye tundu la pili kwa bar 1 hadi 2. Mapovu yakipanda mdomoni, radiateri ni ya kubadilisha. Ukinunua radiateri ya okazio (iliyokwisha kutumika), ifanyie kipimo hiki hiki mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa.

Kipoza cha moteri kinatolewa. Kabla ya kukihukumu, angalia oringi na gasketi zake, kwa sababu mara nyingi chuma ni kizima na mpira ndio uliokauka na kukatika. Hapo kosa ni la pete ya bei ndogo sana. Kisha ziba tundu moja la mafuta, ingiza hewa bar 3 hadi 4 kwenye lingine, zamisha kipoza kwenye ndoo ya maji ya moto. Ya moto, narudia. Ufa mwembamba unaojificha kwenye baridi hufunguka chuma kikitanuka, na kipimo cha maji ya bomba kimeachilia vipoza vingi vyenye hatia. Subiri dakika 5, usiridhike na sekunde chache.

Vikiwa vizima vyote, sasa kulasi ina zamu yake. Pima kompresio, yaani presha ya kila silinda, lakini usiichukue namba ya kitabu kama ilivyo. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na kipimo nacho kinashuka hivyo: moteri ya esansi (petroli) yenye bar 12 pwani itakupa kama 10 hapa, na ni nzima. Linganisha silinda kwa silinda. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yao. Kulasi ikishatoka, weka rula ya chuma iliyonyooka na kipimo cha majani (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Upindo unaozidi milimita 0.05 kwenye kulasi nyingi za aluminiamu unahitaji fundi wa mashine. Na usisawazishe kabla ya kupima nyufa kwa presha ndani ya maji ya moto. Kulasi za 1KZ-TE, moteri ya dizeli ya Toyota, zile za Prado na Surf, zina sifa mbaya ya kupasuka zikishapata joto kali, na ufa hausawazishwi.

Jambo la mwinuko lina upande mwingine. Maji yasiyobanwa hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima cha 0.9 kinayapandisha hadi karibu 115. Kifuniko kilichokufa, halafu mlima wa Ngomo ukiwa na mzigo, ndiyo njia fupi ya kupindisha kulasi iliyokuwa nzima.

Ukishapata tobo, kazi ya kusafisha ni ndefu kuliko ya kutengeneza. Toa tamostati (vali inayofunguka maji yakipata joto), mwaga kila kitu, jaza maji ya moto yenye sabuni ya maji kidogo, kama mililita 50 kwa lita 10. Ikizidi utapata povu badala ya usafi. Washa na kipasha joto cha ndani kikiwa wazi, dakika 15, mwaga ikiwa vuguvugu. Rudia mara 4, 5, 6, hadi maji yatoke safi, kisha suuza kwa maji matupu mara 2. Usitumie esansi wala mazuti (dizeli) kuosha. Badilisha mafuta ya moteri na filta yake. Chupa ya akiba ioshwe pembeni. Duriti zilizolowa mafuta zimeshaanza kuvimba, kwa sababu mpira wake haukutengenezwa kukaa na mafuta: ukizibana na zinabonyea laini kama ndizi iliyoiva, badilisha zote pamoja na tamostati na kifuniko. Utando mwembamba juu ya chupa katika siku za kwanza ni mabaki. Ufute kwa kitambaa, andika kilomita, na uangalie tena baada ya 100 na 500. Ukirudi kwa unene uleule mara zote mbili, bado kuna tobo uliloliruka, na la kwanza kulirudia ni oringi za kipoza.