Wiki ya mbalamwezi: siku yangu moja na wavuvi wanaokuja kutahiriwa

Saa 11 alfajiri

Mwezi bado unaning'inia juu ya Ziwa Victoria upande wa magharibi, na mwalo wa Kayenze, ufuko wa wavuvi jirani na Mwanza, unaonekana hadi mwisho. Kwa mvuvi wa dagaa hizi ni siku za ukata. Mwezi ukiwaka dagaa haifuati taa, hivyo mitumbwi imevutwa mchangani na vijana wamelala nyumbani usiku. Kwangu mimi, muuguzi wa tohara, hii ndiyo wiki ya kazi. Huduma mkoba ya visiwani siipangi kwa kalenda ya ukutani, naipanga kwa mwezi.

Tunapakia botini vifaa vilivyotakaswa jana, ganzi, gozi za kufungia kidonda, vipimo vya VVU, mashine ya presha na daftari. Daftari nalibeba mwenyewe.

Saa 1:20 asubuhi

Tumefika kisiwani. Nawaamkia wazee, "Mwangaluka", wanaitika. Mama lishe ameshatuchemshia chai na michembe.

Wavuvi tisa wanasubiri, na hakuna aliyekaa kwenye benchi. Mmoja anajifanya anashona wavu, wawili wameegemea mtumbwi. Nawaelewa. Kwetu Usukumani tohara haikuwa mila kama ilivyo kwa majirani zetu Wakurya, na mtu mzima hapangi foleni ya tohara na mtoto wa kaka yake. Ndiyo maana watoto tuliwapangia Jumamosi, na leo ni ya wenye miaka 20 na kuendelea. Mimi mwenyewe nilitahiriwa nikiwa na miaka 26, tayari nina mtoto. Nilizunguka zahanati mara tatu kabla ya kuingia.

Saa 2

Somo. Nimewaomba waliooa waje na wake zao, na wanne wamekuja nao.

Nasema namba kama zilivyo. Tohara inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Hilo lilipimwa kwa wanaume watu wazima Orange Farm huko Afrika Kusini, Rakai nchini Uganda, na Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili. Utafiti wa Kisumu na wa Rakai ulisimamishwa kabla ya wakati, Desemba 2006, kwa sababu faida ilikwisha kuonekana na haikuwa haki kuwasubirisha waliokuwa bado hawajatahiriwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Tohara inakinga kwa sababu ngozi ya ndani ya govi ni laini, inachubuka upesi, na ina seli ambazo virusi hivyo hunasa kwa urahisi.

"Kwa hiyo dokta," anasema aliyekuwa anashona wavu, "matundu kumi, umeziba sita."

Ndivyo hasa. Manne yaliyobaki ni ya kondomu na uaminifu. Nawageukia akina mama na kuwaambia jambo ambalo sipendi lipite haraka: mwanaume ambaye tayari ana VVU, kutahiriwa kwake hakumkingi mkewe. Faida ya moja kwa moja kwa mama iko kwingine. Tohara hupunguza kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi.

Saa 3

Chumba cha faragha, mmoja mmoja. Nauliza kuhusu kisukari, selimundu, dawa anazotumia, na kama akikatwa damu huchelewa kukata. Kipimo cha VVU tunakitoa kwa hiari, na anayekataa hafukuzwi.

Wawili hawafanyiwi leo. Mmoja presha yake iko juu mno. Mwingine anatokwa na usaha kwenye uume. Huyo anapata dawa, pamoja na karatasi ya kumwita mwenza wake atibiwe, na tarehe ya kurudi. Anasikitika, kwa sababu alishajikaza moyo kuja. Namshika mkono na kumwambia, "Mdogo wangu, ukirudi utakuwa wa kwanza." Nimeliandika hilo daftarini.

Saa 4:30

Wa kwanza mezani ni yule mshona wavu. Sindano za ganzi zinaingia kwenye shina la uume, na hapo panauma, simfichi. Tunasubiri dakika kama tano, nabana ngozi kwa kibano, namuuliza. Anasikia kuguswa tu, maumivu hakuna. Kama angesikia maumivu tungesubiri au kuongeza ganzi kwa kipimo cha uzito wake. Mteja ana haki ya kusema "bado", na mtoa huduma anayekimbizana na idadi akapuuza neno hilo amekosea kazi.

Nakata, nafunga mishipa ya damu mmoja mmoja, nashona. Anatazama dari, lakini vidole vyake juu ya kifua vinakwenda: kidole gumba kinashikilia, cha shahada kinapitisha, kinavuta. Anashona wavu hewani. Nashona na yeye anashona. Imechukua nusu saa hivi. Nyuzi hizi huyeyuka zenyewe, hakuna kurudi kutolewa.

Saa 8

Ugali na sato. Dakika kumi, tunarudi ndani.

Saa 9

Sasa wamekaa kwenye benchi, magoti mbalimbali, na hapa ndipo sehemu yangu ngumu. Kisu ni nusu saa, kupona ni wiki sita.

Miaka michache iliyopita, mwalo mwingine, nilimfanyia kijana kazi safi, nikamsomea maelekezo haraka kwa sababu boti ilikuwa inaniita. Siku ya nne tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, alimhitaji, akaingia majini kusukuma mtumbwi na kuvuta wavu. Aliletwa nyuzi zimeachia na kidonda kimeoza. Alipona, lakini alilala wodini siku nyingi, na kosa lilikuwa langu: nilisema, sikuhakikisha amesikia. Tangu hapo kila mteja ananirudishia maelekezo kwa maneno yake.

Wananirudishia. Bandeji ibaki kavu mpaka siku ya pili, tutakapoitoa sisi. Baada ya hapo kuosha kwa maji safi na sabuni, na kukausha taratibu. Chupi safi inayobana kiasi, uume ukielekea juu tumboni, usivimbe. Kukojoa kabla ya kulala, kwa sababu uume husimama usiku na nyuzi huvuta. Ikitokea, amka utembee kidogo, huuma lakini hupita. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa za mizizi, hapana, pepopunda huingilia humo. Ziwani, hapana, mpaka kidonda kifunge. Damu isiyokata, uvimbe unaokua, usaha, homa au mkojo kugoma: piga simu hata usiku wa manane. Siku ya saba tunaangalia tena.

Giza litarudi baada ya wiki moja hivi na matajiri watawataka majini. Nimeongea na wawili waliopo wawape kazi ya nchi kavu, kuanika dagaa na kushona nyavu. Mmoja amekubali. Mwingine amesema ataona, na sikuridhika.

Kuhusu tendo la ndoa, kidonda kikionekana kizuri kwa nje wiki ya tatu au ya nne, ndani bado. Akikutana na mwanamke kabla ya wiki sita, kinafunguka na virusi hupita kirahisi, kwake na kwa mwenzake. Kijana mmoja anauliza atahesabu vipi siku 42.

Mke wa mshona wavu, aliyekaa kimya tangu asubuhi, anajibu. "Si mwezi umejaa leo? Ujae tena, halafu upotee kabisa. Giza likiingia hapo, ndiyo."

Nahesabu kwa vidole: siku 29 na nusu, kisha karibu 15. Zinapita 42 kidogo. Nimefundisha somo hili miaka yote kwa wiki, wakati kwenye mwalo wiki hazihesabiwi hivyo. Namwomba shemeji asimame alirudie kwa Kisukuma, na wanaume wote wanaitikia.

Saa 3 usiku

Tumerudi Kayenze. Simu inaita, ni mke huyo huyo. Bandeji ina doa la damu.

"Kubwa kiasi gani, shemeji?"

"Kama shilingi mia."

"Linakua?"

Kimya, nasikia tochi ya simu ikiwashwa na mume akiguna. "Halijakua tangu tule."

Namwambia abane kwa kitambaa safi, mume alale chali, tuongee baada ya nusu saa. Baada ya nusu saa doa ni lile lile, na mume amelala. Nafungua daftari, naandika jina lake juu kabisa ya orodha ya kesho, saa 1 asubuhi, na pembeni: mkewe ahudhurie.