Saa ya hadithi maktabani siyo tuisheni jamani

Wazazi wenzangu leo naomba tuongee kidogo. Najitolea kwenye saa ya hadithi ya watoto kwenye maktaba ya umma, na ni ndogo kwelikweli, chumba kimoja tu, wakubwa upande huu watoto upande ule, katikati shelfu. Sasa kinachonichosha pale siyo kelele wala gundi iliyomwagika kwenye mkeka, ni ule muda wa kuondoka, mzazi anasimama mlangoni anauliza "haya, umejifunza nini leo?" Mtoto dakika mbili nyuma alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka, saa hizi anaangalia chini kama shahidi mahakamani.

Halafu kuna lile la vitabu. Kuna mtoto mmoja hivi, bado hajajua kusoma, yeye kila akija anachukua kitabu kilekile cha wadudu, ukurasa wa mende umechanika tumeubandika na seloteipu. Mama yake akaniambia "dada, hiki si alishakichukua, hebu mpe kingine kikubwa kikubwa". Namwelewa mama wa watu, anataka mwanae asonge mbele. Ila nikaja kumsomea yule mtoto, nikaruka sentensi moja makusudi ili tuwahi kumaliza, akanishika mkono, "umeruka!" Na kidole akakiweka palepale kwenye mstari nilioruka, mtoto ambaye herufi bado zinampa tabu! Yaani kitabu anacho kichwani chote, anachofanya sasa ni kulinganisha anachosikia na zile alama anazoziona, na huko ndo kusoma kunakoanzia.

Na siyo mimi tu ninayesema. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake kwenye chuo kikuu cha Sussex kule Uingereza walichukua watoto wa miaka mitatu, wengine wakasomewa hadithi zilezile tena na tena, wengine wakasomewa hadithi tofauti tofauti, ila maneno mapya yaliyowekwa mle wote waliyasikia mara sawasawa. Waliorudiwa hadithi ileile ndo walioyashika maneno vizuri zaidi. Kwahiyo mtoto akikomaa na kitabu kimoja mwacheni bana, ana kazi anafanya.

Sisemi watoto wasiulizwe maswali kabisa, hapana. Kuna mtafiti anaitwa Whitehurst, yeye na wenzake mwaka 1988 walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliofundishwa namna ya kumsomea mtoto huku wanapiga naye stori, unamuuliza maswali ya wazi, unayaongezea nyama majibu yake, na lugha ya wale watoto ikapanda kuliko ya wenzao waliosomewa kawaida. Ila angalia aina ya maswali. "Unadhani sasa atafanyaje?" ni swali la mtu anayetaka kujua. "Mhusika mkuu ni nani?" ni mtihani, na mtoto anaujua mtihani hata ukiufunga kwenye karatasi ya zawadi. Lingine ni wakati, swali la katikati ya hadithi linamvuta ndani ila lile la mlangoni linamkagua.

Sasa kitu ambacho maktaba ndogo inawashinda hata zile kubwa. Kubwa wanagawa watoto kwa umri, wachanga siku yao, wa shule siku yao. Sisi nafasi hakuna, wote mkeka mmoja, na nilikuwa naona ni shida hadi nilipoanza kuwaangalia vizuri wale wakubwa wanaosoma kwa kusuasua. Mtoto wa miaka kumi anayesoma kwa kukwamakwama hawezi kushika kitabu cha picha mbele za wenzake, ataonekana mtoto mdogo, atachekwa. Lakini ukimwambia "hebu msomee mdogo wako hapa", mambo yanabadilika hapohapo! Anakaa, anasoma taratibu, akikosea hakuna anayemrekebisha maana msikilizaji mwenyewe yuko bize na picha ya tembo. Amefanya mazoezi ya kusoma kwa sauti na heshima yake iko palepale, tena anaonekana kaka mkubwa.

Kwa akili hiyohiyo wenzetu wa Salt Lake City kule Marekani walianzisha mwaka 1999 mpango wa watoto kuwasomea mbwa, mbwa waliofundishwa lakini, siyo wa mtaani. Mbwa hakurekebishi matamshi wala hakuangalii saa. Nikisimulia hiyo watu wanacheka lakini ukifikiria ina maana kabisa, sema sisi mbwa hatuna, tuna wadogo zao.

Halafu zile chati za nyota, soma kitabu upate nyota, mwenye nyota nyingi anapewa zawadi. Mi sizipendi na nimeshalumbana nazo sana. Nendeni siku ya mashindano mkaone kitabu gani kinatoka, ni vile vyembamba! Watoto siyo wajinga, ukihesabu vitabu watakuletea idadi, yule mwenye kitabu kinene cha dinosaria anachokisoma wiki ya ngapi sijui anaonekana mvivu. Kama lazima kuwe na chati basi hesabuni dakika, na za kusomewa zihesabiwe pia, na za komiki, na za vitabu vya picha visivyo na maneno ambavyo mtoto anajitungia hadithi mwenyewe.

Nyimbo na makofi tunavyoanza navyo nazo naona zinadharauliwa, "mbona mnaimba tu". Wimbo unalikata neno vipandevipande, kila silabi na sauti yake, mtoto anasikia neno limejengwaje kabla hajaliona limeandikwa. Vyama vya maktaba Marekani vina programu yao ya wazazi wenye watoto wadogo, toleo la 2011 linataja vitu vitano, kuongea, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza, na kuimba kumekaa hapo sambamba na kusoma.

Kingine kidogo, vitabu vya wadogo sisi tumevitoa kwenye shelfu ndefu tumeviweka kwenye maboksi chini, jalada linaangalia mbele, mtoto anapekua mwenyewe. Mgongo wa kitabu haumwambii kitu mtu asiyejua kusoma. Wale wakubwa ndo tunawaonyesha namba za Dewey, zile maktaba inazopangia vitabu kwa mada, na wakishajua kwamba wadudu wako 595.7 na hadithi za kale 398.2 wanatembea mle ndani kama wenye maktaba, hawamuulizi mtu.

Basi mkija kuwachukua, kama mkono unawasha kuuliza kitu mwambieni tu "nionyeshe ukurasa ulioupenda", asipotaka muache, mwende zenu. Na zile soksi zilizopoteza mwenzake msizitupe, tunashona vikaragosi na macho yameisha, kwahiyo mwenye vifungo vya shati alete na hivyo, rangi yoyote, vikubwa ndo vizuri zaidi.