Siku Moja na Almasi Mbili Mezani

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda mwendokasi Kimara, na ilipotimu saa mbili nilikuwa nimekwisha kufungua sefu ya duka la sonara ninakofanya kazi, katikati ya jiji. Kazi ya kwanza ni kuosha mawe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kwa kuwa almasi hushika mafuta upesi, na alama ya kidole kimoja hutosha kulififisha jiwe zuri.

Saa tatu niliyapanga kwa rangi juu ya karatasi nyeupe, ncha zikiwa zimeelekea juu, mbali na jua kali. Daraja huanzia herufi D, yaani jiwe lisilo na rangi kabisa, hadi Z, lenye umanjano ulio wazi. Jiwe la daraja la H likishawekwa kwenye pete ya dhahabu ya njano, ni vigumu sana kulitofautisha na la F, ingawa bei zake hazikaribiani.

Saa tano waliingia kijana na mchumba wake. Kijana alitaka karati moja kamili, isipungue hata kidogo. Nilimweleza kwamba karati ni kipimo cha uzito, gramu 0.2 tu, kisha nikaweka mawe mawili ya duara mbele yao: moja la karati 1.00 lenye kipenyo cha milimita 6.2, na jingine la karati 0.93 lenye kipenyo cha milimita 6.3. Lile zito lilikatwa kwa kina kupita kiasi ili uzito ubaki, na uzito huo ulijificha chini, mahali ambapo pete ikishavaliwa hakuna anayepaona. Binti aliyainamia yote mawili, akauliza kwa nini la kwanza lina kiza katikati. Nilifurahi sana kwamba aliliona mwenyewe. Mwanga huingia kwa juu, hugonga nyuso za chini na kurudi machoni. Tako la jiwe, yaani sehemu yake ya chini, likizidi kina au likiwa bapa mno, mwanga hupotelea chini na ubavuni. Ndiyo maana mimi huuweka ukataji mbele ya rangi, usafi na uzito.

Kijana, ambaye kwao ni Shinyanga, aliuliza kama almasi ya Mwadui si bora zaidi. Nilimjibu kwamba mgodi hautoi daraja. Hata ile almasi ya waridi iliyopatikana huko mwaka 1947, ikiwa na karati 54.5, ilibaki na karati 23.60 baada ya kukatwa. Zaidi ya nusu ya uzito wake iliondolewa ili ing'ae.

Tulimalizia kwa lenzi inayokuza mara 10. Jiwe la 0.93 lilikuwa na vidoa vidogo vyeupe pembeni, daraja la usafi liitwalo VS2, ambavyo macho matupu hayavioni. Ningelikataa kama lingekuwa na ufa unaofika ukingoni, kwa kuwa hapo ndipo jiwe linapoweza kumeguka. Waliweka malipo ya awali.

Saa tisa alikuja mama mmoja na pete aliyouziwa kama almasi. Nilimwamkia, nikaipima. Kipimo cha joto, kinachoangalia jinsi jiwe linavyopitisha joto, kilisema ni almasi, lakini moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, nayo hupita kipimo hicho. Nilipolitazama jiwe kwa mshazari, kingo za nyuso za chini zilionekana mbilimbili, jambo ambalo almasi haifanyi. Nilimketisha na kumwambia ukweli polepole. Akasema, "Ahsante mwanangu, bora nimejua kabla sijamrithisha binti yangu."

Saa kumi na moja nililirudisha jiwe la karati 1.00 kwenye karatasi yake, nikaandika juu kwa wino mzito kipenyo chake, 6.2, ili mwenzangu wa zamu ya kesho amwoneshe mteja namba hiyo kabla ya ile ya uzito.