Saa mia tatu, na arusi sita katikati

Usiku wa jana nimeifuta taimtebo yangu mara ya tatu, nkaanza upya na karatasi tupu, kalamu mbili, na ile kalenda ya ukutani ya duka la nguo yenye tarehe za kizungu juu na za kiislamu chini. Mtihani ni Agosti. CFA leveli ya kwanza, mtihani wa kimataifa wa wachambuzi wa uwekezaji, ule ule nlioanguka mwaka jana, na sioni haya kuuandika hapa manake Lamu nzima ishajua, mji huu ukipiga chafya Langoni mtu wa Mkomani anakuombea rehema.

Mwaka jana kosa langu la kwanza nliazima maisha ya mtu. Kuna jamaa mtandaoni aliweka ratiba yake, miezi minne, saa tatu kila siku, jumamosi na jumapili saa tano, nzuri kweli, ina rangi, nami nkaichukua kama ilivyo. Huyo mtu hana mama, hana jirani, hana arusi wala hitima, hangoji boti. Wiki ya pili nlikuwa nshachelewa saa tisa na kuanzia hapo nkawa nakimbiza deni tu hadi mwisho.

Kosa la pili ndo kubwa zaidi na limenichukua muda kulikubali. CFA Institute wenyewe, wanaoutunga mtihani, wanasema jitayarishe na kama saa 300 kwa kila leveli. Mi daftari langu linaonyesha 310. Sasa ukinuliza saa hizo nlifanya nini, nliangalia video, nlipiga mistari ya manjano kwenye noti mpaka kurasa nzima zikawa manjano, nlinakili fomula kwa mwandiko mzuri. Nlihesabu saa za kukaa mezani. Maswali nliyoyafanya kwa mkono wangu mwenyewe bila kuchungulia jibu hayakufika mia nne, na mtihani wenyewe ni maswali 180, 90 asubuhi kwa saa mbili na robo, mapumziko, alafu 90 tena kwa saa mbili na robo. Ukigawanya ni dakika moja na nusu kila swali. Dakika moja na nusu ni muda wa kubana ukutani kumpisha punda mwenye mzigo wa mawe, basi, imeisha, swali lingine. Matokeo yakaja na ile chati yao, mstari wa kupita uko pale na mimi niko chini yake kidogo, kidogo cha kuudhi. Ningekuwa mbali labda ningeachana nao.

Kwa hivyo safari hii nmeanza na kalenda ya Lamu, si ya jamaa. Kuanzia jumapili hii hadi mtihani kuna wiki 28. Nkatoa wiki nne za Ramadhani, zote, sifuri, sidanganyi mtu. Zimebaki 24. Gawanya 300 kwa 24 unapata saa kumi na mbili na nusu kwa wiki, na hapo ndo nkakaa nkajiuliza hizo saa ziko wapi, si zinatakiwa ziwe wapi. Baada ya alfajiri kuna saa moja na nusu ya kweli kabla sijatafuta boti ya Shela kwenda kazini (naweka hesabu za gesti moja huko), siku tano hizo ni saba na nusu. Jumapili saa tano, mbili asubuhi, tatu baada ya adhuhuri nyumba ikilala. Jumla kumi na mbili na nusu, kamili kabisa, nkaona hapana, hesabu ikikubali haraka hivi kuna kitu umekisahau.

Nlichosahau ni arusi. Mwezi wa mlisho, ule kabla ya Ramadhani, watu wanakimbilia kuoa kabla ya kuvunja jungu, alafu Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, ndo usiseme. Nmeshaalikwa sita, na kualikwa huku si kwenda kula pilau ukarudi, ni kupika, kupamba, kukesha, na mtoto wa khali yangu ni mmoja wao kwa hiyo hata sina mlango wa kutokea. Jumapili sita zimekufa, saa 30. Mwaka jana ningejiambia ntazifidia usiku. Usiku mi siwezi, najijua, saa nne nkifungua kitabu naamka na alama ya spaira shavuni. Kilichoniokoa ni kusi. Mwezi wa tano mvua na kusi zikishika wageni hawaji, gesti inafungwa wiki sita, mshahara unakuwa nusu na mi huwa nalalamika kila mwaka, ila safari hii nmezitazama hizo wiki kama mtu aliyeokota pesa kwenye kanzu ya zamani. Saa 30 zinarudi pale na nafasi ya kufanya moki nne, mitihani ya majaribio, inabaki, asubuhi na mchana, kwa saa, simu iko chumbani kwa mama.

Ramadhani nmesema sifuri lakini baada ya tarawehe ntasoma maadili kidogo, bila kuhesabu. Maadili yana uzito kuliko mada zote, asilimia 15 hadi 20, derivativi (mikataba inayofuata bei ya kitu kingine) zilizonitoa machozi ni 5 hadi 8 tu, na mi mwaka jana maadili nliyaacha wiki ya mwisho nkidhani ni mambo ya kusema kweli na usiibe, mtu mwema atafaulu. Thubutu. Kuna ile ya zawadi. Mvuvi anayeiuzia gesti samaki alileta nguru mzima nyumbani, idi iliyopita, mama akashukuru akampika. Na mimi ndo ninayepitisha malipo yake. Nliposoma kanuni ya kutokuwa na upendeleo nkamkumbuka yule nguru kuanzia kichwa hadi mkia.

Ami yangu yeye ana swali lake moja kila akipita kibarazani, hati fungani, hizi za kuikopesha serikali au kampuni, si riba hizo? Namwambia ndiyo ami, nyingi ni riba, na sukuk, hati za kiislamu zisizo na riba, pia ziko, na mtu asiyejua ya kwanza inavyopigwa hesabu ya pili atauziwa jina tu. Huguna. Sijui kama kaniridhia au kachoka.

Ila kitu nnachotaka kukiandika zaidi ni cha juzi. Nlikuwa nafanya thamani ya fedha kwa wakati na mama yuko mkekani anahesabu pesa za mchezo wao, wanawake kumi na wawili, kila mmoja elfu tano kwa mwezi, mmoja anatoka na 60,000. Nkamwambia mama ngoja, anayechukua leo na anayechukua mwisho, miezi 11 mbele, tuseme pesa inazaa asilimia moja kwa mwezi, hebu tuone. Nkaingiza kwenye kalkuleta, BA II Plus yangu (wanakubali hiyo na HP 12C tu, nyingine utaiacha nje), ikanipa 53,831, yaani thamani ya leo ya zile 60,000 za wa mwisho. Nkamsomea kwa kujidai. Alafu kuna kitu kikanikereketa, nkaifuta yote nkarudia, ikaja 53,779. Nini? Kwenye PMT, sehemu ya malipo ya kila kipindi, ilikuwa imebaki 5 ya hati fungani nliyofanya mwanzo, sikupiga 2ND CLR TVM kufuta hesabu ya zamani. Tofauti ni shilingi 52. Mwezi mzima ningeweza kuitazama namba ile nisiishuku, na ndo zinavyotungwa zile A, B na C za kuchagua jibu, kosa lako mwenyewe linakungojea pale limevaa vizuri, ukiliona unafurahi ati jibu langu lipo.

Mama alisubiri nimalize kugombana na mashine. "Kwa hivyo wa mwisho kapunjwa elfu sita," akasema. Nkamwambia elfu sita na mia mbili na ishirini na moja. "Hilo twalijua siku zote, kwani wadhani kwa nini wote hulilia nambari ya mbele?" Alafu akaniambia njoo ule, mato yatakufa.

Basi tangu juzi ukurasa wa kwanza wa daftari sina safu ya saa peke yake. Nna safu ya maswali, nayo imegawanywa, yaliyokuwa sawa, yaliyokosewa kwa kutojua, na yaliyokosewa kwa yale ya PMT. Hadi leo, siku tatu, maswali 64. Kutojua 11. Ya PMT na ndugu zake 14, yaani nakosa zaidi nnayoyajua kuliko nsiyoyajua, na hilo mwaka jana lilinipita mbele ya mato.

Bado pasipoti. Kitambulisho hakitoshi, wanataka pasipoti ya kusafiria, na yangu inaisha mwezi wa saba, mtu ambaye sijavuka mpaka hata mara moja. Nmeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya Mfungo Mosi, kabla ya arusi ya tatu. Safari yenyewe, boti hadi Mokowe, basi, Mombasa, Nairobi, nmeipa siku tatu kwa ajili nisifike na vumbi la njia kichwani.

Kesho alfajiri ni maswali ishirini ya hati fungani. Maji yatakuwa yametoka asubuhi, nkichelewa boti ntakwenda Shela kwa miguu kupitia ufuoni.